Mbachao na Msala: Juu ya Kuitunga Upya Kazi Iliyokwisha Tungwa

Waswahili husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, pengine umetoboka na ukingo wake umefumuka, lakini ni wako na upo nyumbani. Msala ni mzuri, umesukwa karibuni, rangi zake bado hazijapauka. Ila unapita tu, mwenyewe anauchukua kwenda kusalia kwingine. Methali hii hutolewa zaidi katika mambo ya ndoa na urafiki. Hata hivyo, ndani yake imo hukumu juu ya jambo ambalo wapenzi wa sanaa wamelijadili kwa muda mrefu bila ya kuafikiana. Je, inafaa kazi ya sanaa iliyokwisha kamilika ifanywe upya kwa fani ile ile ilimozaliwa? Filamu iwe filamu tena, wimbo uwe wimbo tena, utungo uwe utungo tena?

Swali hili lisichanganywe na jingine linalofanana nalo. Kazi inapohama kutoka fani moja kwenda nyingine, hapana ugomvi mkubwa. Shakespeare aliiandika Othello kwa ajili ya jukwaa. Mwaka 1887 Verdi akaitoa huko Milano kwa sura ya opera. Aliyeipenda opera hakulazimika kuitupa tamthilia, kwani kila moja ina chumba chake na mlango wake. Lakini kazi inapofanywa upya kwa fani ile ile, mbili huja kugombea kiti kimoja. Mtazamaji ana jioni moja, muuza vitabu ana rafu moja, mtangazaji wa redio ana dakika nne za kujaza kabla ya taarifa ya habari. Hapo hapana budi kuchagua, na kwa kawaida kipya huchaguliwa kwa sababu tu ni kipya. Kwa hiyo kuifanya upya kazi ya mtu kwa fani yake mwenyewe ni sawa na kumwambia mwenyeji asogee. Hilo haliwi tena suala la ufundi peke yake. Linakuwa suala la haki, na mwenye haki mara nyingi amekwisha kufa wala hawezi kujitetea.

Ukali wa jambo hili umeonekana zaidi katika filamu, kwa kuwa humo fedha ni nyingi na sheria huruhusu kazi inunuliwe pamoja na uhai wake. Mwaka 1939 Mfaransa Marcel Carné alitoa filamu iitwayo Le jour se lève, yaani kunapambazuka, iliyoandikwa na Jacques Viot pamoja na mshairi Jacques Prévert. Mfanyakazi wa kiwandani, aliyeigizwa na Jean Gabin, ameua mtu. Amejifungia chumbani ghorofani, polisi wamelizingira jengo, naye usiku kucha anayakumbuka mambo yaliyomfikisha pale. Kunapokucha anajiua. Baada ya vita, kampuni ya RKO ya Marekani ilizinunua haki za filamu hiyo ili iitengeneze upya, na mwaka 1947 ikatoka The Long Night ya Anatole Litvak, Henry Fonda akiwa katika nafasi ya Gabin. Safari hii mtu yule hafi. Anajisalimisha, na mtazamaji anarudi kwake na matumaini.

Hapana wa kumlaumu msanii kwa kupenda mwisho mwingine. Lililo zito ni kwamba kampuni ilitaka nakala za filamu ya Carné zitafutwe na ziangamizwe, ili ile mpya isipate wa kulinganishwa naye. Yaani haikutosha kumpa mtu yule uhai ambao Carné hakumpa. Ilibidi pia ionekane kwamba hakuwahi kufa. Kwa muda ilihofiwa kwamba kazi ile imetoweka. Haikutoweka. Mwaka 1952 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza wahakiki wazitaje filamu zilizo bora kabisa, Le jour se lève ilikuwamo miongoni mwa kumi za mwanzo.

Kisa hicho hakikuwa cha pekee. Mwaka 1940 Thorold Dickinson alitengeneza huko Uingereza filamu ya Gaslight, iliyotokana na tamthilia ya Patrick Hamilton. Kampuni ya MGM ikaitengeneza upya mwaka 1944 kwa uongozi wa George Cukor, nayo pia ikataka ile ya kwanza isionekane tena. Hapa mtihani ni mgumu zaidi, maana filamu ya Cukor ni nzuri, na Ingrid Bergman alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake humo. Wako wanaosema kwamba ikiwa jipya ni zuri, basi limejihalalisha. Hoja hii inavutia kwa wepesi wake, lakini haisimami. Uzuri wa mtoto haujapata kuwa ruhusa ya kumzika baba yake angali hai. Uzuri hujibu swali la kama kazi inastahiki kutazamwa. Haujibu swali la kama njia iliyopitwa ilikuwa ya haki.

Upande wa pili kuna kosa jingine, lisilo la dhulma bali la upungufu. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliichukua Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, akaitengeneza tena karibu picha kwa picha, kwa mswada ule ule na muziki ule ule, ila kwa rangi na kwa waigizaji wengine. Filamu ya Hitchcock haikudhurika. Ipo na hutazamwa. Lakini Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hutarajiwa aje na kitu, walau habari za huko atokako. Mgeni huyu aliingia, akaketi, akamsimulia mwenyeji hadithi za mwenyeji mwenyewe, kisha akaaga. Pengine faida yake ni moja: imethibitika kwamba roho ya kazi haimo katika mpangilio wa picha peke yake, kwani mpangilio ulihamishwa wote na roho ikabaki ilikokuwa.

Yupo ambaye haki yake haina shaka, naye ni mwenye kazi. Mjapani Yasujiro Ozu alitoa mwaka 1934 filamu isiyo na sauti juu ya kundi la waigizaji wanaotembea miji kwa miji, na mwaka 1959 akaitengeneza tena yeye mwenyewe kwa sauti na rangi. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikachapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha akairudia na kuirekebisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwenye nyumba akiupaka ukuta wake chokaa haulizwi. Na katika tafsiri kuna jambo la ziada: tafsiri haikai kiti cha asili. Ndiyo maana hakuna anayeshangaa kuiona kazi moja imefasiriwa mara tatu au nne, ilhali utungo mmoja ukitungwa mara tatu watu huanza kuulizana mwizi ni nani.

Hapa wako watakaopinga, na upinzani wao una nguvu khasa katika mwambao huu. Watasema kwamba hofu ya kugusa kazi ya mtu imeletwa na kitabu na kanda, na kwamba wazee hawakuijua. Bibi anayewahadithia wajukuu ngano haisemi kama alivyohadithiwa. Huiongeza wimbo, huipunguza jini, humpa sungura maneno ya mtaa wake. Habari za Fumo Liyongo zilikuwa zikisimuliwa na kuimbwa tangu zamani kabla ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu kuzitungia utenzi mwaka 1913. Kama kila mmoja angengoja ruhusa ya aliyetangulia, leo pasingekuwa na ngano hata moja.

Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Ngano ya mdomo haina mwenyewe mmoja wala siku moja ya kuzaliwa, na kila anayeisimulia ni mwenyeji ndani yake. Ama mtu anapoketi akahesabu mizani, akachagua kina hiki na kukiacha kile, akafuta usiku alichokiandika mchana, kazi ile imekwisha pata mwenyewe. Wazee waliijua tofauti hiyo vizuri, na ushahidi ni kwamba waliiwekea adabu zake maalumu. Hawakusema kazi ya mtu isiguswe. Walisema iguswe namna gani.

Adabu moja ni ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipopelekeana mashairi na wapinzani wake wa Lamu, jibu lilifuata bahari ile ile, na mara nyingi hata vina vile vile. Kwa sura, jibu ni shairi lililofanywa upya. Kwa maana, ni shairi linalohitaji lile la kwanza liwepo, maana jibu bila ya swali ni kelele. Adabu nyingine inayokaribiana nayo ni ile ambayo Waarabu huiita muaradha, ya kutunga kwa mizani na kina cha utungo mashuhuri wa zamani. Burda ya al-Busiri, ya karne ya 13, husomwa hadi leo visiwani na mwambao mzima. Ahmad Shawqi wa Misri alipotunga utungo wake kwa mizani na kina chake, aliuita Nahj al-Burda, yaani njia ya Burda. Hakujificha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Shawqi kamba yake aliifunga mwenyewe mahali pa kuonekana, katika jina.

Adabu iliyo bora kuliko zote, hata hivyo, ni takhmisa. Mtungaji huuchukua ubeti wa mwingine wenye vipande viwili, naye akaongeza vitatu vikawa vitano, na tano kwa Kiarabu ni khamsa. Vile vitatu vya mgeni hutangulia, navyo hufuata kina cha kipande cha kwanza cha mwenyeji. Ndivyo zilivyotungwa zile beti zijulikanazo kama Takhmisa ya Liyongo, zinazonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya maneno yanayonasibishwa na Liyongo mwenyewe.

Inafaa kuutazama utaratibu huo kwa utulivu, kwa sababu umebeba falsafa nzima. Mgeni amepewa nafasi kubwa: vipande vitatu katika vitano, zaidi ya nusu ya nyumba. Anaweza kufafanua, kusifu, kushangaa, hata kuipeleka maana kule ambako mwenyeji hakuwaza. Lakini amefungwa kwa mambo mawili. Kina si chake. Lazima asikilize kabla ya kusema, kwani sauti atakayomalizia imekwisha amuliwa na mtu wa zamani. Na neno la mwisho si lake. Kila ubeti humalizika kwa maneno ya mwenyeji, kama alivyoyasema. Ukiviondoa vipande vya mgeni, vya mwenyeji vitabaki salama, havikukatwa wala havikunyooshwa. Wasomaji wengi wameyafikia maneno yale ya kale kwa kupitia mlango huo. Mgeni kaja, na mwenyeji kapona.

Katika nyimbo, adabu kama hiyo haikuandikwa lakini ilifuatwa na waliokuwa nayo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake katika santuri. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizijua nyimbo hizo kwa kumsikiliza Siti, akaziimba miaka mingi kwa sauti yake nzito na kwa namna yake mwenyewe, wala hakuficha zilikotoka. Aliyemsikia Bi Kidude alijua kwamba nyuma yake yupo mwingine, akatamani kumjua. Siku hizi husikika wimbo wa zamani uliotiwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, jina la aliyeutunga halitajwi, na kijana anayeucheza huapa kwamba umetoka mwaka huu. Midundo miwili hiyo inaweza kuwa mizuri sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja unaelekeza kidole nyuma, na mwingine unafuta nyayo.

Mpaka hapa huenda ikaonekana kwamba suala limekwisha. Halijesha, kwa sababu ipo kesi moja ngumu ambayo haiwezi kuepukwa na yeyote anayeipenda lugha hii. Sayyid Abdalla yule yule wa takhmisa ndiye pia aliyetunga Al-Inkishafi, utungo ambao wengi wanauhesabu kuwa kilele cha ushairi wa kale wa Kiswahili. Humo mshairi anausemesha moyo wake na kuuonesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa yamebomoka na vidaka vya kupangia sahani vimekuwa viota. Umetungwa kwa Kiamu, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa leo wa Unguja huusoma kwa kujikwaa. Wa Dodoma au Bukavu huufunga kitabu baada ya ubeti wa pili. Ndipo husikika pendekezo kwamba utungwe upya kwa Kiswahili sanifu, ubeti kwa ubeti, ili ufike kwa watu. Lugha ile ile, fani ile ile, ila maneno ya leo.

Wanaopendekeza hivyo hawana nia mbaya, na ugumu wanaouona ni wa kweli. Kiamu husema ndoo pale ambapo Kiswahili sanifu husema njoo; kijana anaitwa, naye anadhani anaoneshwa chombo cha kuchotea maji. Kuteka kwao ni kucheka. Asiyejua atadhani pana vita au kisima. Lakini anayejaribu kusanifisha hugundua mara moja kwamba ugumu haumo katika msamiati tu. Mato hupatana na mapito na vito. Ukisema macho, kina kimekufa. Wawene ni mizani tatu, wameona ni nne, na mshororo wa Al-Inkishafi una mizani kumi tu, haupanuki kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo mtengenezaji atalazimika kuliacha neno hapa, kulichomeka jingine pale, kuigeuza sentensi, kuipoza tashbihi. Kila badiliko dogo lina udhuru wake. Yakijumlishwa yote, umepatikana utungo mwingine wa mtu mwingine, lakini juu yake pameandikwa jina la Sayyid Abdalla. Hapo marehemu amepachikwa maneno ambayo hakuyasema, na msomaji ameambiwa kwamba amemsikia ilhali hakumsikia.

Ama kuuacha kama ulivyo, usiguswe, uheshimiwe katika maktaba? Hilo nalo ni kuzika, ila kwa sanda nzuri zaidi. Utungo usiosomeka haulindwi na heshima yake. Wanaosema kwamba anayeutaka ajifunze Kiamu wamesema kweli inayowafaa wachache, na mara nyingi wasemaji hao ni wale waliokwisha kuujua.

Njia iliyobaki ni kumtendea Sayyid Abdalla kama yeye alivyomtendea Liyongo. Si lazima iwe takhmisa kwa hesabu yake, kwani beti za Al-Inkishafi ni za mishororo minne na si vipande viwili. Iwe takhmisa kwa roho yake. Ukurasa mmoja wabaki maneno ya kale, kamili, na ukurasa wa pili asimame mshairi wa leo kwa jina lake mwenyewe, amfungulie msomaji mlango, afafanue, ajibu, hata apinge akiona vyema. Mshairi huyo atapata uhuru ambao msanifishaji hana, kwa sababu hadai kuwa yeye ni mwingine. Na msomaji atakuwa na mahali pa kuvuka.

Itasemwa kwamba wengi watausoma ukurasa wa leo tu, ule wa pili wasiutupie jicho. Ni kweli, na hasara hiyo ikubaliwe bila ya kujidanganya. Lakini mlango ulio wazi usiopitwa na wengi si sawa na mlango uliotiwa matofali. Yule mmoja atakayegeuza kichwa ataikuta nyumba ipo. Kosa la kampuni zile za filamu halikuwa kujenga jipya. Lilikuwa ni kutaka mtu yule mmoja asipate pa kugeukia.

Kwa hiyo jibu la swali haliwezi kuwa ndiyo tupu wala hapana tupu. Kazi na ifanywe upya, hata kwa fani yake mwenyewe, maadamu mgeni amekuja na kitu mkononi, amelitaja jina la mwenyeji, na ameiacha nyumba ikiwa imesimama. Sharti la kwanza ni la sanaa, na likikosekana tunapata filamu kama ile ya mwaka 1998, isiyodhuru wala kufaa. La pili na la tatu ni za haki, nazo zikikosekana hata uzuri mkubwa hauokoi kitu.

Limebaki pingamizi moja, nalo limetoka ndani ya Al-Inkishafi yenyewe. Utungo ule unafundisha kwamba kila kinachojengwa kitabomoka: majumba, vyeo, miili. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi maneno yake yatunzwe, na kama si kumkhalifu mshairi kuing'ang'ania mishororo yake wakati yeye alikwisha kuaga mapambo yote ya dunia. Ni swali la haki. Lakini mkono ulioandika kwamba majumba ya Pate yamekuwa viota ndio mkono unaosemekana kuvichukua vipande vya mtu aliyekufa zamani, ukavipanga kimoja kimoja, ukavitungia vitatu vitatu vya kuvitangulia, na kila mara ukamwachia yeye amalizie. Alijua kwamba vyote vitapita, na bado hakuona kuwa hiyo ni sababu ya kuuharakisha mkeka wa mwenzake kwenda jalalani. Aliutandika, akaketi ukingoni.